Vayolini ya kukulia

Jamani, msiende na mama yangu kununua vayolini.

Mwalimu wa muziki alishatuambia: Neema, mdogo wangu wa miaka saba, anahitaji saizi ya mtoto. Nikaichagua.

Mama akamrudishia muuzaji. "Sweta ya shule tulinunua kubwa, akakulia humo humo. Kaka, lete ile kubwa."

Nikabisha. Wapi!

Tumefika nyumbani Mkuza, Neema kaiweka begani, kanyoosha mkono wote. Vidole havifiki pa kubonyeza.

Mama akamwangalia, akawaza.

"Basi aanze dada yako kujifunza. Wewe ukikua utaikuta."

Neema akanikabidhi upinde bila kunitazama.

Nimechoka. Mwenye saizi ya mtoto tubadilishane, hata leo. Huyu mtoto hajaniongelesha tangu mchana.