Hakimu na TV ya Kichogo

Mtaa mzima ulimwita Hakimu, ingawa kazi yake ilikuwa kuchonga funguo. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani mlikuwa na mashine ya kunakilia, tupa za kila unene, koleo mbili ndogo, na ubao wa funguo ghafi alizozipanga kwa aina zake. Ukimpelekea ufunguo uliochakaa akunakilie, alikurudishia bila hata kuiwasha mota. "Huu umekwisha. Nikiunakili, nitanakili na uchakavu wake. Kaniletee kufuli." Wateja walinung'unika, wakaondoka, wakarudi na kufuli. Alikuwa na miaka arobaini na saba na hakuna aliyewahi kumbembeleza akabadili kauli.

Jina la Hakimu, hata hivyo, alilipata kwenye gemu. Kila jioni, akishanawa chuma mikononi, alikaa kwenye kigoda mbele ya TV yake ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene isiyoingia kwenye kabati lolote la leo, akacheza kwa saa mbili kamili. Kisha aliandika maoni yake kwenye tovuti ya wachezaji. Maoni mia mbili na kumi na moja alikuwa ameshayaandika, na hakuna hata moja lililoanza kwa salamu.

Michezo ya makampuni makubwa hakuigusa. Aliiita sinema zinazokuomba ubonyeze kitufe ili usilale. Mapenzi yake yote yalikuwa kwa michezo midogo ya mapigano na kurukaruka, inayotengenezwa na watu wawili watatu chumbani kwao kwa mtindo wa zamani. Na kwa sababu aliipenda, aliichapa. "Kuchora kwa vidoti vikubwa hakukufanyi wa zamani," aliandika. "Wale walikuwa na vidoti vichache, ndiyo maana kila kidoti kilifanya kazi. Wewe unavyo tele, halafu unavipanua ili uonekane fukara." Adui anayekupiga kutoka nje ya kioo alimwita mwizi. Mchezo unaokutazamisha pazia jeusi kila ukifa, badala ya kukurudisha mara moja, alisema unakula maisha ya watu. Hata zile roho tatu maarufu, nafasi tatu za kufa kabla mchezo haujaisha, hakuzisaza. "Mashine za zamani zilikupa roho tatu kwa sababu zilitaka sarafu yako. Wewe sarafu huiombi, roho tatu za nini? Umeiga njaa yao, hukuiga akili yao."

Maneno makali, lakini mengi yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo ulipokuwa ubaya wake. Mtu akiwa sahihi mara mia mbili, nani atamwambia angalia vizuri ya mia mbili na kumi na mbili?

Mpwa wake hakumwambia. Alikuwa binti wa dada yake mkubwa, na alilelewa nusu kwa mama yake, nusu kwenye kigoda cha pili mbele ya TV ile ya kichogo. Alisomea kompyuta, akaajiriwa kwenye ofisi ya bima, akakaa miaka minne, kisha siku moja akaacha kazi ili amalizie mchezo wake mwenyewe. Mchezo uliitwa Ghorofa ya Tisa. Ndani yake mzimamoto wa kike mwenye shoka anapanda jengo linaloungua, ghorofa baada ya ghorofa, na ndimi za moto zinamrukia kutoka kila kona. Kabla ya kuruka, kila ulimi wa moto unavuta pumzi, unanywea kidogo, na hapo ndipo mchezaji anapojua kwamba lazima ahame. Rafiki mmoja alimtungia muziki. Mengine yote, mpaka kivuli cha shoka, alichora mwenyewe.

Kwa miaka miwili, kila Alhamisi jioni, binti alibeba mchezo wake hadi kwa mjomba, akauchomeka kwenye kompyuta kuukuu iliyounganishwa na kichogo, akakaa na daftari. Hakimu alicheza na kutoa hukumu. Siku moja alisimama ghafla.

"Hii nini? Nimeshapita ukingo, nimeanguka. Mbona nimeruka?"

"Nimeweka nafasi kidogo, Mjomba. Ukichelewa kwa unywele tu, anaruka bado. Siku hizi wengi wanaweka."

"Hiyo ni sadaka. Mchezaji haombi sadaka. Toa."

Akatoa. Wiki iliyofuata akaambiwa pumzi ya moto ni ndefu mno, bibi kizee angekunywa chai na bado akakwepa. Akaifupisha. Na Alhamisi nyingine akaifupisha tena, na tena, mpaka jasho likamtoka Hakimu puani na akaweka padi, kile kidude cha kubonyezea, chini akitabasamu, jambo ambalo si la kila mwaka. "Sasa," alisema. "Sasa hapa pana mchezo."

Siku kumi na mbili kabla ya maonyesho ya michezo midogo, ambako msambazaji mmoja mkubwa, mwenye uwezo wa kuuza mchezo duniani kote, alikuwa ameahidi kupita, binti aliwapa mchezo watu kumi na wawili wajaribu majumbani kwao. Tisa waliuacha kabla ya ghorofa ya tatu. Mmoja wao, msusi wa nywele, aliandika kwenye tovuti mbele ya kadamnasi: "Nabonyeza, hasikii. Nakufa kabla sijajua nimekosea nini. Huu hauna haki."

Hakimu alisoma maneno hayo kibandani na damu ikamchemka. Alijibu papo hapo kwa jina lake. "Dada, tatizo ni vidole vyako. Kacheze ile michezo ya kupanga peremende kwenye simu."

Mpwa wake alifika jioni hiyohiyo, macho mekundu. "Mjomba, huyo ni mchezaji wangu umemtukana."

"Wamezoea kubebwa mgongoni. Jumapili nakuja kwenu. Nitaucheza mbele ya mama yako, kwenye TV yenu hiyohiyo, nyote mwone kama hauna haki."

Jumapili alifika baada ya chakula cha mchana, padi yake mfukoni. Dada yake alikuwa amekaa kwenye kochi, mikono kifuani. Yeye hakuwahi kulikubali jambo la gemu, na tangu binti aache kazi alikuwa anahesabu siku za kumrudisha ofisini. TV yao ilikuwa ya kisasa, bapa, imebandikwa ukutani.

Hakimu akaanza. Akafa kwenye ngazi ya kwanza. Akacheka, akasema padi imelegea, akabadilisha betri. Akafa tena. Akavuta kiti karibu. Akafa mara ya saba, ya kumi, ya kumi na tisa, zote kwenye ghorofa ya kwanza, ghorofa ambayo kwake nyumbani aliipita huku akiongea na simu. Moto ulivuta pumzi, yeye akabonyeza, na mzimamoto akasimama pale kama anayefikiria kama kweli ameitwa.

"Haya," dada yake alisema. "Na wewe kapange peremende."

Mtu mwingine angetafuta mlango. Hakimu alikunja uso, akamwomba mpwa wake simu. "Ipige video ile ya mwendo wa taratibu. Nataka kidole changu na kioo, vyote viwili vionekane." Wakarekodi. Wakahesabu picha moja baada ya nyingine, vichwa vyao vimegusana juu ya simu. Kidole kilishuka. Picha thelathini zikapita kabla goti la mzimamoto halijakunjika. Akachukua simu ileile, akaenda kwake kwa miguu, akarekodi mbele ya kichogo, akarudi anahema. Kwake, picha tano.

Kumbe TV bapa ya dada yake ilichukua muda kuipamba picha kabla ya kuionyesha, muda mdogo usioonekana kwenye sinema wala taarifa ya habari, na TV nyingi za watu zilifanya hivyohivyo. Kichogo hakikujua kupamba kitu, kilikipokea na kukionyesha. Wale tisa walikuwa wanapigana na moto uliokwisha kuwapiga. Miaka miwili Hakimu alikuwa amekaza kila skrubu ya mchezo ule kwa TV ambayo hakuna tena mtu aliye nayo, akaita hiyo haki.

"Kuna mahali pa kubadilisha humu kwenye TV," alisema kwa sauti ya chini. "Ukienda ndani kwenye mipangilio..."

"Mjomba, nani ataenda? Mama hajui hata kupunguza mwanga." Kisha binti akasema jambo ambalo halijawahi kumtoka. "Mimi hapa nyumbani sijawahi kufika ghorofa ya nne. Mchezo wangu mwenyewe. Nilidhani ni mimi nisiyejua kucheza, kwa sababu wewe ulisema uko sawa."

Dada yake Hakimu hakupaza sauti. "Kwa hiyo mtoto wangu ameacha kazi, miaka miwili, kwa ajili ya TV yako."

Yalimwingia Hakimu mpaka mfupani. Chini ya aibu palikuwa na hofu, maana zilibaki siku sita tu, na kilichokuwa kinaelekea kufa kilikuwa cha mtoto huyu, si chake. "Nimekuchongea ufunguo wa mlango wangu," alisema. "Lete daftari. Tunaanza ghorofa ya kwanza."

Kuanzia Jumatatu kibanda kilifungwa saa nane mchana, na aliyegonga aligonga mpaka akachoka. Hakimu alihamia kwenye kiti cha dada yake. Alicheza, akafa, akasema kwa nini. Binti akarekebisha, yeye akacheza tena. Sadaka aliyoitupa ilirudi ukingoni, na ni yeye aliyeomba iongezwe. Pumzi ya moto ikarefushwa, kila ulimi kwa kipimo chake, si kwa kukadiria. Binti akabuni ukurasa mdogo mwanzoni mwa mchezo: kengele inalia, shoka linagonga, nawe unabonyeza kuufuata mlio, na mchezo unajifunza TV yako inachelewa kiasi gani. Jumatano waligombana vibaya kuhusu ghorofa ya nane. Hakimu alishikilia kwamba ikilegezwa zaidi itakuwa uji. Binti, kwa mara ya kwanza maishani, alimwambia, "Hapana, Mjomba," akalegeza, akamkabidhi padi. Hakimu akaicheza mara kumi na moja. "Uko sawa," alisema, na kusema hivyo hakukumng'oa jino.

Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda aliandika barua. Tisa, moja kwa kila aliyeuacha mchezo, bila kunakili. Ya msusi aliiweka hadharani, palepale alipomtukania. "Ulisema kweli na mimi nikakujibu utumbo. Vidole vyako ni vizima. Kipimo changu ndicho kilikuwa kibovu, na nilikitumia kumpotosha aliyeutengeneza mchezo. Yeye hana kosa. Mchezo umerekebishwa. Kama utakubali kuujaribu tena, Jumamosi uko ukumbini, nami nitakuwepo unitukane uso kwa uso." Wanane hawakujibu. Msusi alijibu neno moja: "Nitaona."

Jumamosi ukumbi ulijaa meza, nyaya na watu. Meza yao ilikuwa ya mwisho karibu na choo, juu yake TV bapa kubwa waliyopewa na wenye maonyesho. Asubuhi walipita wachache, wakacheza, wakaondoka. Saa tisa alifika mwanamke mnene mwenye mkoba wa plastiki uliojaa nywele za bandia. Hakutoa mkono. "Wewe ndiye Hakimu? Sogea." Akakaa.

Alikufa haraka, mara nyingi, na hakugeuka. Ghorofa ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano alivua viatu. Watu wakaanza kusimama nyuma yake, kwanza wawili, kisha nusu duara. Vidole vyake vilivyozoea kusuka mchana kutwa havikuchoka. Dakika arobaini zikapita na alikuwa ghorofa ya tisa.

Hapo ndipo msambazaji alipofika, mama mwembamba mwenye kadi shingoni na mtu wa kumwonyesha njia. Binti alimwona, akapauka. Padi ilikuwa moja. Akainama kwa msusi, mkono umeshamfikia begani. "Samahani dada, kuna mgeni kidogo tu..."

Hakimu akaushika mkono ule, akaurudisha taratibu.

"Hainuliwi mtu hapa."

"Mjomba, ndiye yeye! Ndiye tuliyekuwa tunamsubiri!"

"Namjua. Foleni iko nyuma."

Msambazaji alisikia. Akatazama saa yake. "Mzee, mimi nina dakika kumi tu."

"Basi utazitumia ukiwa umesimama," alisema Hakimu, ingawa alijua anachokichezea si chake. "Huyu amepanda ghorofa nane. Simwinui kwa ajili yako wala ya mtu yeyote."

Binti alifumba macho. Kwenye kioo mzimamoto aliruka juu ya boriti inayowaka, akakwepa ulimi wa kwanza, wa pili, akainua shoka mbele ya mlango wa mwisho, na ulimi wa tatu ukamchukua. Watu wote nyuma ya msusi wakaguna kwa pamoja.

Msusi alijifuta viganja kwenye sketi. Hakumtazama mtu, hakuuliza muda. Akabonyeza kuanza tena.

Msambazaji akautua mkoba wake sakafuni, akasimama kwenye foleni.