Mlingoti Umesimama, Vikombe Sandukuni

Niliporudi Kabuchai baada ya siku nne Kitale, nilikokwenda kufundishwa kupima upepo, nilikuta mlingoti umeshasimamishwa katika uwanja wa shule. Simiti ilikuwa imekauka mguuni, waya nne zimekazwa, na wanaume sita wamesimama chini wakingoja sifa. Nami nilikuwa nimebeba sanduku lenye anemometa, vile vikombe vitatu vinavyozungushwa na upepo, vilivyopaswa kufungwa kileleni kabla mlingoti haujainuliwa.

"Nani aliwaambia muinue?" niliuliza, na si kwa sauti ya mwalimu mpya.

"Mwenyekiti," fundi alijibu. "Alisema ukuje upate kazi imeisha, ufurahi."

Mwenyekiti wa shule alikuwa baba mkwe wangu. Nililelewa mjini Kitale, na heshima za huku nilizijua nusu nusu. Baba mkwe humsalimii kwa mkono, humtazami usoni, mkikutana njiani unampisha kwa mbali. Akitaka kukuambia jambo anamwambia mtu mwingine, hata kama unasikia kila neno. Mwaka mzima katika boma lile sikuwahi kusikia akinitaja ila kwa "bibi ya kijana yangu". Basi ningemgombeza vipi?

Mlingoti wenyewe alikuwa ameuleta yeye kwa trela kutoka Saboti. Mzungu mmoja mkulima alikuwa na mashua ya tanga katika bwawa lake, na alipohama, mashua ikageuzwa hori la kunyweshea ng'ombe. Mlingoti hakuna aliyeujulia kazi, mpaka mimi niliposema shule inahitaji nguzo ndefu.

Jumatatu maofisa wa hali ya hewa wangekuja kukagua. Wasipokuta vikombe vinazunguka, wangevirudisha Kitale na kuipa shule nyingine. Leo ilikuwa Jumamosi. Nami, kwa huu mdomo wangu, nilikuwa nimeshamwambia mume wangu kwamba vikirudi Kitale, narudi navyo. Sikuwa natania. Nilichoka kupika, kupisha watu njiani na kunyamaza. Upepo ule ndio kitu pekee nilichokiita changu pale.

Niliuzunguka mlingoti kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kuvunja simiti kungechukua siku mbili. Wanaume wote sita walikuwa wazito kwa chuma kile chembamba. Kisha nikaona juu kabisa kapi ndogo, ile iliyopandisha tanga, na kamba yake bado imepita.

"Nivuteni mimi," nikasema.

Mwanamke hapandi hata paa la nyumba yake, sembuse kuning'inia juu ya kichwa cha baba mkwe. Na baba mkwe alikuwepo, kando ya shamba la mahindi, ameshika kofia yake. Nilienda kuvaa suruali ya mume wangu, nikaikaza kwa mkanda. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.

Niliporudi wanaume walikuwa wanabishana, hakuna anayetaka kushika kamba. Baba mkwe akaja, akaichukua ncha moja mwenyewe, nami nikajifunga nyingine. Akanipa mgongo, akaelekea mahindi, akajizungushia kamba kiunoni.

"Nyinyi shikeni nyuma yangu," aliwaambia. "Na mnieleze."

"Vuta, mzee," fundi akasema. "Porepore. Bado. Bado kidogo."

Hivyo ndivyo nilivyopanda, nikivutwa na mtu asiyeniona. Mlingoti uliyumba, spana ikateleza mara mbili, na wanaosema juu kunapendeza hawajawahi kukaza bolti huko. Nililia kwa hasira, nikakaza, nikalia tena. Kisha vikombe vikazunguka, kwanza kwa kusitasita, halafu kwa kasi. Nikapiga kelele nishushwe.

Nilipokanyaga nyasi wanaume walishangilia. Mzee alikuwa bado ameinamia mbele, kamba imemkaza.

"Amefika chini?" aliuliza.

"Amefika, mzee."

"Mguu yote mbili?"

"Yote mbili, bana. Wachilia."

Akaiachilia. Viganja vyake vilikuwa vimechunika vibaya, damu ikidondokea kofia iliyokuwa miguuni. Nilitaka kumshukuru. Nilikuwa hatua tatu nyuma yake.

Alifuta mikono kwenye koti, macho bado kwenye mahindi.

"Mwambieni mtoto wangu," alisema, "hiyo maneno ya kurudi Kitale awachane nayo."

Sikujua kama mume wangu alikuwa amemwambia. Fundi akanigeukia, akanirudia maneno yale yote, moja baada ya jingine, kana kwamba nilikuwa ng'ambo ya mto.

Nilitazama mgongo wa mzee.

"Mwambieni nimesikia," nikasema.