Popo wa Dari la Mama

Ugonjwa wangu una jina refu ambalo daktari wa Kitale alilitamka mara mbili. Nililoshika ni kwamba kinga ya mwili wangu imevidhania viungo vyangu kuwa adui, ikaanza kuvishambulia. Asubuhi siwezi kufungua chupa ya maziwa. Mume wangu alisema haikumshangaza, hata mwili wangu una hasira. Sikucheka, ingawa hakukosea.

Nikapewa vidonge vya kuituliza kinga hiyo. Mwisho wa mwezi nilishuka Kabuchai kulala kwa mama, kama kawaida yangu. Anaishi peke yake, na mazungumzo yake ya maana huanza tukishalala. Dari lake lina popo tangu nikiwa msichana.

Mpwa wangu, anayesoma biolojia Chuo Kikuu cha Kibabii, alikuwepo. Tulikula ugali na kunde huku mbao zikikwaruzwa juu yetu.

"Hao popo wanabeba virusi vya kuua mtu na hawaugui," mpwa wangu akasema. "Kinga yao iko macho saa zote, lakini haipandi hasira. Sisi, mara nyingi kinachotumaliza ni ile fujo ya mwili wenyewe."

Nikamwonyesha vidonge vyangu, nikasema basi daktari ananigeuza popo. Alisoma pakiti bila kutabasamu.

"Anti, ukimeza hizi huwezi lala hapa. Vumbi la mavi yao likiingia kifuani, mwili wako hautakuwa na nguvu ya kupigana."

Niliwachukia wale popo. Wao wanaishi na virusi kwa amani, na mimi, ili vidole vyangu vipate amani, nisilale kwa mama. Nikataka wafukuzwe kwa moshi. Mpwa wangu akasema wana watoto, na fujo itaangusha vumbi zaidi.

"Si uache kelele," mama akaniambia, akiinuka na sahani. "Hao walikuwa hapa ata kabla uolewe."

Nilijua amewachagua wao. Nikakunja leso zangu taratibu, vidole vikiuma, nirudi Kitale kabla magari hayajaisha. Nilikwenda kumuaga jikoni, kile kijumba cha nje cha udongo kisicho na dari wala popo. Alikuwa amefagia majivu na kuzisogeza sufuria. Godoro langu alikuwa amelitandika upande wa ukuta, na lake karibu na mlango, baridi inakopita.