Barua ya Kazi na Ulimi wa Mjomba

Niliporudi Bungoma na cheti cha chuo kikuu, katika miaka ya hamsini, watu walikuwa wamekwisha kuamua nitakuwa nani. Shule moja ya misheni ilinitengea darasa, ikataka jibu kabla muhula haujaanza. Mimi nilitaka kazi iliyotangazwa Kitale, ya kusaidia kukagua vyama vya ushirika vya wakulima wa mahindi. Sikuona kwa nini nifundishe majibu wakati bado nilikuwa na maswali.

Siku hizo barua ya kuomba kazi ilikuwa na sura moja. Ulianza kwa kusema ni heshima kubwa kuandika, ukamaliza kwa kujiita mtumishi mtiifu, na katikati ukapanga vyeti kuanzia cha ubatizo. Nikauacha ubatizo na utumishi pia. Nikaandika kwamba mimi ni hodari, mwaminifu na mwepesi wa kuelewa. Kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya mjomba wangu, aliyekuja kutoka Mabanga kumwona mama, dada yake.

Mjomba akatema makapi ya muwa. "Ati hodari? Nani amesema?"

"Mimi."

"Wewe! Kijana anaenda ukweni halafu anajiposea na mdomo wake mwenyewe? Si watafikiri hana watu?"

Mama alicheka mpaka akaweka ungo chini. Kwetu kijana hajisifu ukweni. Wakubwa wake ndio husema, naye hukaa kimya akitazama vidole vyake vya miguu. Mjomba alikuwa msemaji wa posa aliyeitwa hata na koo nyingine.

"Na nyinyi mkifika huko mnasema nini?" nikamuuliza. "Mnadanganya?"

"Uongo wa nini, mpwa wangu? Wakwe wana miguu. Nikisema kijana anajua kujenga, nataja nyumba aliyomjengea mama yake, waende waiangalie. Halafu nawapa kasoro moja. Ukiwapa sifa tupu wataenda kwa majirani kutafuta kasoro, na jirani hatoi moja, bana."

Nikaichukua kalamu tena.

"Basi andika jina langu hapo chini," akasema. "Nitakusemea."

"Hapana, mjomba. Kazi ni yangu, na mdomo utakuwa wangu."

"Kiburi hicho."

"Ndiyo kasoro ya kuandika?"

"Hiyo wataiona wenyewe. Andika unauliza sana."

Nikaandika upya. Neno hodari nikalifuta. Nikaeleza kwamba wakati wa likizo niliwapimia wakulima wa kwetu mtaro wa maji, na kwamba mtaro ule bado unapitisha maji. Yeyote apite aone. Mwaminifu likaondoka pia, nikataja kanisa ambalo lilinikabidhi funguo za ghala lake. Mwisho nikaandika kwamba huwa nauliza kabla ya kukubali, na kwamba mwalimu mmoja aliona huo ni utovu wa adabu. Barua ikawa fupi kuliko ya kwanza, nami nikaipenda zaidi.

Nikaitwa Kitale. Mzungu mwenye ofisi aliweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii ni kasoro?"

"Inategemea anayeulizwa anaficha nini, bwana."

Hakucheka. "Haya, niulize kitu."

Nilifikiri juu ya lile darasa la misheni likiningoja. Ningeweza kuuliza juu ya nyumba ya kulala. "Aliyekuwa na kazi hii kabla yangu aliondoka kwa nini?"

"Mahindi yalioza ghalani," akasema, "na yeye hakuwahi kuuliza mbona mlango haufunguliwi." Kisha akaniambia nianze Jumatatu.

Nilipowapelekea habari nyumbani, mama alipiga vigelegele. Mjomba aliketi palepale na muwa wake, akaninyooshea mkono.

"Posa imekubaliwa," akasema. "Msemaji harudi kwake mikono mitupu. Nyama yangu iko wapi?"

"Lakini mjomba, si nimejisemea mwenyewe?"

"Unaona?" akamwambia mama. "Ameanza kuuliza."

Nikaenda kumkamata jogoo.