Kibofu cha Mbuzi na Maji ya Chumvi

Miaka ya sabini, baada ya familia yetu kuhama na ng'ombe kutoka Usukumani hadi Usangu, kisima chetu kilitoa maji ya chumvi. Ng'ombe waliyafurahia. Sisi tuliyanywa shingo upande. Mama peke yake yalimshinda, na likizo moja niliporudi kutoka shule ya bweni Iringa nilimkuta na homa, midomo imepasuka, kila akinyweshwa anatapika. Mganga wa zahanati alikuwa ameacha vidonge na agizo moja, kwamba anywe maji mengi. Mto ulikuwa umebaki matope. Kaka alikuwa ameondoka na baiskeli kutafuta maji matamu, na hatukujua angerudi lini.

Niliogopa sana. Ndipo nikamkumbuka mwalimu wetu wa sayansi, mama wa Kibena aliyekuwa mkali kama pilipili. Alikuwa ametuonyesha kibofu cha mbuzi chenye maji mazito ya sukari, akakitumbukiza kwenye maji ya chumvi, kikavimba. Sukari huvuta maji kupitia ngozi ile, alisema, na chumvi nyingi hubaki nje.

Baba alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili ya kunipokea, na kibofu chake wadogo zangu walishakipuliza wakawa wanakipiga mpira. Niliwanyang'anya, wakalia. Nikatia asali ndani, nikafunga kwa uzi, nikakizamisha kwenye chungu cha maji ya kisimani. Jioni kilikuwa vilevile.

"Labda hukusikiliza vizuri darasani," baba alisema.

"Nilisikiliza, baba. Sijui kimekwama wapi."

"Na mimi nilikusaidia. Nilikipaka samli kabla hujatia asali, kisije kikapasuka."

Kumbe samli ndiyo iliyozuia maji kupita; mfugaji hawezi kuona ngozi kavu akaiacha bila mafuta. Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, naye akacheka, ingawa macho yake yalikuwa kwa mama. Asubuhi tulikisugua wote wawili kwa majivu na maji ya moto hadi mafuta yakaisha, tukaanza upya.

Siku hizi nasikia wataalamu wana kemikali ziitwazo polima, zinazofanya kazi ya asali ile kwa akili zaidi. Zikiwa baridi huyeyuka na kuvuta maji kupitia utando, zikipashwa joto kidogo hujitenga, maji yakabaki peke yake. Asali yetu haikujua kuyaachia maji. Baba aliliona hilo mapema, akauliza kama na ugali tutausonga kwa maji ya asali. Lakini mimi sikuwa na haja ya maji matupu. Nilitaka kitu mama atakachokimeza.

Alasiri kibofu kilikuwa kimejaa, kimetanuka kama tumbo la ndama aliyeshiba. Nilikifungua juu ya bakuli. Baba alionja kwanza, akaenda mwenyewe kumwinua mama kitandani.

Mama alikunywa funda moja. Tulisubiri. Hakutapika. Akanywa la pili, la tatu, akamaliza kikombe, kisha akanishukuru kwa Kisukuma, kwa sauti iliyokauka, "Wabeja, mwanangu."

Nimeshukuriwa mara nyingi maishani, nami namshukuru mwalimu yule hadi leo. Lakini siku ile nilishindwa hata kuitikia. Baba ndiye aliyeitikia kwa niaba yangu, akageuka ukutani akijifuta uso kwa mikono iliyokuwa bado na majivu.