Kibao cha Darasa la Fasihi

Mwalimu wetu wa fasihi, ndugu zangu, alikuwa na hanchifu nyeupe iliyopigwa pasi, na kila mwaka aliitoa kwenye ukurasa ule ule wa riwaya ya enzi za mkoloni: pale bwana mkubwa anapomvisha mzee bati shingoni kwa kosa la kumjibu kwa lugha ya kwao. Vidole vyake, vyenye chaki hadi ndani ya kucha, vilifuata mistari polepole. "Wanangu, huyu kavuliwa utu!" Kisha alipangusa miwani, akafungua droo na kuuliza kwa upole ule ule, "Haya, nani leo kaongea lugha ya nyumbani?" Humo drooni ndimo alimoweka kibao chenye kamba, kimeandikwa MIMI NI MJINGA.

Siku moja kilimwangukia pacha wangu. Mama alikuwa amemletea dawa ya pumu dirishani, naye akamshukuru kwa lugha ya kwetu.

"Mwalimu, mama hajui nyingine. Ningemwambiaje?"

"Vaa, binti. Ni kwa faida yako. Halafu tusomee."

Hadi leo damu inanichemka. Pacha wangu akasimama, akasoma ukurasa wa bati, kibao kikimgonga kifuani kila alipohema, mama bado yuko dirishani. Darasa zima tuliinamisha vichwa. Alipofika kwenye shingo ya mzee, mwalimu alitoa hanchifu, akalia machozi ya kweli.

"Rudia hapo, mwanangu," alisema. "Hapo panauma sana."