Mtu Hatembei Bure

Baba aliletwa Garissa kwa lori la mifugo, mwaka ule ukame ulipomaliza ngamia wake wote huko karibu na Banissa. Mama alikuwa amekwisha fariki, dada zangu wameolewa mbali, nami nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimeachika, ninaishi katika nyumba ndogo ya mabati nyuma ya soko. Baba akashuka na fimbo yake na mswala. Nikamwekea kiti uani, penye kivuli cha ukuta wa jirani. Akakaa. Nadhani sote wawili tuliamini ni mambo ya siku chache.

Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Ua wetu ulikuwa mwembamba, na joto likiingia humo halikujua njia ya kutoka. Mtu aliyekuwa akifuata ngamia kutoka kisima hadi kisima bila kulalamika sasa hakuweza kuinuka kitini mpaka ashike ukuta. Miguu ilimvimba. Mchana, wanafunzi walipotoka kwenda kula, nilikimbia nyumbani kumpa chakula na dawa, kisha nikakimbia kurudi kabla kengele haijalia. Likizo zikifika sikwenda popote. Siku moja mwalimu mkuu aliniambia kuna nafasi ya mafunzo ya ualimu Nairobi. Nilimkatalia kabla hajamaliza kueleza. Mzee angebaki na nani?

Daktari alisema ni sukari, na kwamba dawa peke yake haitoshi. "Mzee atembee kila siku," aliniambia.

Baba alimsikia. Kwa Kiswahili chake cha sokoni akamuuliza, "Nitembee niende wabi?"

Daktari akacheka, akidhani ni mzaha. Haukuwa mzaha.

Jioni hiyo nilimtoa kwa nguvu. Tulifuata njia ya mchanga inayoelekea barabara kuu, yeye mbele, mimi nyuma, pole pole. Hatujafika mbali, muuza miraa mmoja akamsalimu, akamtazama alivyokuwa akitazama chini, akamuuliza kwa upole, "Mzee, umepotelewa na mnyama?"

Kwetu hilo ni swali la heshima. Mtu mzima anayetembea bila mzigo wala mifugo, bila shaka anatafuta kitu. Baba aligeuka akarudi, na tulipofika uani akaniambia, "Aabo, usinifanyie hivyo tena." Aabo ni baba, na sisi mzazi humwita mwanawe kwa jina hilo hilo analoitwa yeye.

Baada ya hapo hata mlangoni hakufika. Nilimsihi, nikamnunia, nikamtishia kwamba miguu itakatwa. Kadiri nilivyosema ndivyo alivyozidi kuzama kitini. Ilifika mahali nikirudi kutoka shuleni nasimama kwanza nje ya uzio, nimeshika mlango wa bati, navuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.

Aliyenisaidia alikuwa sista mmoja, muuguzi wa kliniki ya sukari, mama wa makamo kutoka bara. Nilipokwenda kuchukua dawa aliniuliza mzee anatembeaje. Nikaanza kulia pale pale kwenye foleni. Akanivuta pembeni.

"Umemwambia atembee?"

"Kila siku."

"Basi acha kumwambia. Muulize anakosa nini. Mtu haendi mahali kwa sababu ya miguu yake, anakwenda kwa sababu ya kitu kilicho huko. Na ukishakijua, anza na kidogo, kidogo hata uone aibu. Kifunge kwenye jambo analolifanya tayari, ili asilazimike kukumbuka. Tena mtafutie mwenzake."

Nikamuuliza baba anakosa nini. "Watu wa rika langu," akasema. "Hapa nasikia sauti za wanawake na redio."

Alikuwa akiswali uani, kwenye mswala wake, nyakati zote tano. Msikiti haukuwa mbali, lakini alisema miguu haimfikishi. Sikutaja kutembea. Nilimwambia tu kwamba wazee hukaa barazani pale msikitini baada ya swala ya alasiri, na kwamba kama angependa, ningemsindikiza mpaka duka la kona, tukishindwa turudi. Akachagua siku mwenyewe. Alichagua Alhamisi, sikuuliza kwa nini.

Tulifika dukani tukarudi. Tukafanya hivyo tena na tena, mpaka siku moja alipita duka bila kusimama. Mtu akimuuliza aendako, sasa alikuwa na jibu: "Naenda kuswali." Mgongo wake ulinyooka kila alipolitamka.

Barazani akakutana na mzee mwingine, mfugaji wa upande wa Hulugho, ambaye naye mifugo yake ilikwisha na nyonga moja ilikuwa mbovu. Walikuwa wakigombana kuhusu malisho ambayo hata mmoja wao hangeyaona tena. Yule mzee alianza kumngoja baba kwenye kona, amesimama juani, akiegemea fimbo. Baba akichelewa, alikuwa akinifokea mimi: "Harakisha viatu, mtu wa watu anaungua!"

Nilikuwa nikimsindikiza bado. Alasiri zangu zote ziliishia pale nje ya msikiti, nimesimama na wanawake wanaouza maziwa ya ngamia, nikingoja. Furaha nilikuwa nayo, siwezi kukana. Lakini kamba ilikuwa imerefushwa tu, mimi bado nimefungwa.

Kisha zikaja zile mvua kubwa za mwaka wa tisini na saba. Mto Tana ulifurika, barabara ya Nairobi ikakatika, unga na sukari vikaadimika, mifugo ikawa inakufa kwa homa. Mji mzima ukawa kama sisi: hakuna wa kutoka. Bula yetu, yaani mtaa wetu, iligeuka bwawa la matope, mbu wakatujaa. Baba akarudi kwenye kiti, sasa ndani ya nyumba, mabati yakipigwa na mvua hata tusisikizane. Wiki zikapita. Nikaona miguu inavimba tena, nikasema moyoni, basi, yamekwisha.

Alasiri moja, manyunyu yakianguka, aliinuka mwenyewe. Akakunja kikoi mpaka magotini.

"Unakwenda wapi, Aabo?"

"Yule mtu ananingoja."

"Hawezi kukungoja kwenye maji haya."

"Basi kama hakuja, ni mgonjwa. Nikae?"

Nilimfuata nikiwa na hofu ya kuteleza kwake. Kwenye kona hapakuwa na mtu. Baba hakugeuka. Aliuliza njia kwa wapita njia, akavuka mtaro kwenye ubao, mpaka akafika nyumba ambayo hatukuwahi kuingia. Yule mzee alikuwa amelala, ana malaria, midomo imekauka. Baba aliketi kitandani kwake akaanza kumgombeza kuhusu malisho.

Tangu siku hiyo alikwenda kila alasiri. Mwanzo nilimfuata. Halafu, matope yalipoanza kukauka, alisimama mlangoni akaniambia, "Wewe baki. Njia naijua."

Nilimtazama mpaka akapinda kona. Nikaingia ndani. Nyumba ilikuwa kimya, na sikuwa na hata mtu mmoja wa kumhudumia. Nilizunguka chumbani nikiwa sijui mikono niiweke wapi. Mwishowe nikachota maji, nikaosha nywele, nikajilaza kidogo.

Alinikuta nimelala, jua limekwisha zama, na chai haijachemshwa. Nilipofumbua macho alikuwa ameinamia jiko la makaa, akilipepea kwa kipande cha boksi, akikohoa kwa moshi. Nilitaka kuruka niinuke.

"Lala," alisema. "Hata mimi najua kuchemsha maji."